Kilugha cha Nyumbani

Barua ya shule ilifika Jumatatu ndani ya begi la Zenaida, imekunjwa kati ya ganda la ndizi na daftari la hesabu. Ilikuwa na pande mbili, mmoja wa Kiingereza na mmoja wa Kihispania, kwa kuwa darasa la Zenaida lilikuwa la lugha mbili na vitu vyake vyote vilikuwa viwili viwili, hata ilani ya chooni. Crescencio, baba yake, aliisoma kwa Kihispania akiwa amesimama mlangoni mwa kibanda chao katika kambi ya wachuma stroberi, buti zikiwa bado na tope. Alipomaliza akairudia tangu mwanzo. Eufemia, mkewe, ambaye kusoma hakujaaliwa, alingoja na mwiko mkononi.

"Wanasemaje?" akauliza.

Aliuliza kwa Kimixteco, lugha ya asili ya kwao milimani, maana humo ndani hakikusemwa kingine.

Crescencio akamweleza. Wanaitwa Ijumaa saa tano. Zenaida amekaa darasa la pili miezi minane na mwalimu hajapata neno kutoka kinywani mwake, si kwa Kihispania cha asubuhi, si kwa Kiingereza cha mchana. Mtaalamu wa akili za watoto amekaa naye mara mbili, amemwonyesha picha za nyumba na mbwa, na mtoto amemtazama tu. Katika shule nyingine bondeni kuna darasa maalumu la watoto wanane, na basi lao huja kuwachukua mlangoni. Kinachotakiwa ni sahihi ya mzazi.

"Basi lipi?"

"Lile dogo."

Eufemia alilijua. Kila asubuhi lilisimama mbele ya kibanda cha nne kumchukua mtoto wa jirani, aliyezaliwa hawezi kushika shingo yake. Hakuwa na dharau na mtoto yule. Mara ngapi alimpelekea uji wa mahindi. Lakini huyu wake, huyu aliyeandikwa kwamba hana maneno, saa ileile alikuwa nyuma ya kibanda akiwagombeza kuku wa watu kwa sentensi ndefu ndefu, akimwambia jogoo kwamba mtu mwenye wake wanne hana haki ya kuiba mahindi.

"Mbona anasema," Eufemia akasema. "Si unamsikia? Anasema mpaka namwomba anyamaze."

"Anasema kilugha," akajibu Crescencio.

Na hapo ndipo lilipokuwa kosa zima. Mwezi wa tisa, siku ya kuandikisha, karani wa shule alimwuliza Crescencio: nyumbani mnasema lugha gani? Akajibu, Kihispania. Wala hakuona kwamba anadanganya. Tangu alipokuwa mtoto huko milimani Oaxaca, walimu waliokuwa wakimchapa viganja walimfundisha kwamba lugha ni ile yenye vitabu, yenye redio, yenye rais. Ile ya mama yake ilikuwa kilugha tu, kitu cha kusemea jikoni na kuitia mbuzi. Mtu akikuuliza una magari mangapi, humhesabii na toroli. Basi karani akaandika Kihispania, na Zenaida, aliyekuwa na maneno mia mbili ya Kihispania aliyoyaokota njiani, akapelekwa kwenye darasa ambalo moja ya lugha zake mbili ilisemekana ni yake.

"Kamwambie mwalimu basi," Eufemia akasema. "Mwambie maneno anayo, ila si hayo yao."

Crescencio akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyependekeza nyumba ichomwe ili panya watoke. Kila Ijumaa, Bi Domitila alikuwa darasani mle akimsaidia mwalimu kukata karatasi, kwa sababu mwanawe Kevin alisoma hapo. Na Bi Domitila alikuwa mke wa Rutilio, msimamizi wa shamba. Atakalolijua mwalimu saa nne, Rutilio atalijua saa sita. Crescencio alikuwa amemwambia Rutilio kwamba yeye ni mtu wa Puebla, si wa Oaxaca. Kwa uongo huo, na kwa Kihispania chake kilichonyooka, alikuwa ametolewa kwenye matuta mwezi uliopita, akapewa kazi ya kutoboa kadi za wachumaji pale kwenye mizani, tundu moja kwa kila kreti. Ni kazi ya kusimama. Mgongo wake ulikuwa umeanza kusahau maumivu. Rutilio hakuwa akiwapa kazi hiyo watu wa Oaxaca, aliowaita vijitu.

"Ijumaa tutawaambia ana haya," Crescencio akasema. "Ni haya tu. Zitamtoka."

*

Darasa la mwalimu Leticia Arredondo lilikuwa na kuta mbili za maneno, ukuta mwekundu wa Kihispania na ukuta wa buluu wa Kiingereza. Asubuhi watoto walikaa wakiuelekea mwekundu. Baada ya chakula cha mchana waligeuza viti, vurumai na vicheko, wakauelekea wa buluu. Zenaida naye aligeuza kiti. Alinakili kila neno kwa mwandiko uliopita wa wote, na hesabu zake hazikukosewa hata siku moja. Akitaka maji alionyesha bomba. Akitaka kutoka alionyesha mlango. Mwalimu Arredondo alimpenda, na hilo lisemwe, maana katika habari hii hakuna aliyemchukia mtoto. Alikuwa ametoka Texas miaka mitatu iliyopita kuja kuanzisha darasa hilo kwa mikono yake, na alikuwa na mazoea ya kulia ndani ya gari.

Jumanne akawaambia watoto kwamba juma hilo ni la hadithi za nyumbani. Kila mmoja amwombe mama, baba au bibi amsimulie hadithi moja, na siku ya Ijumaa, mbele ya wazazi, aje kuisimulia yeye.

"Kwa lugha yoyote mnayoipenda," akasema. Kisha akasema tena kwa Kiingereza, ingawa ulikuwa wakati wa Kihispania, ili wale watoto wa Kizungu waliokuja kujifunza Kihispania nao wafurahi.

Mwalimu aliposema lugha yoyote alihesabu mbili. Zenaida, aliyekuwa anaelewa Kihispania kuliko walivyodhani watu, alihesabu tatu.

*

Jumatano mwalimu akaja kambini kuitembelea familia kabla ya kikao. Kabla hajafika, Crescencio alimfundisha mkewe mambo matatu ya kusema kwa Kihispania: karibu mwalimu, keti, utakunywa kahawa? Akamfanya ayarudie mara nyingi hadi ulimi ukakubali. Akawaambia wote wawili, yeye na mtoto, kwamba mgeni akiwapo kilugha kisitoke.

Basi mwalimu Arredondo akaketi kwenye kiti pekee chenye mgongo, akanywa kahawa, na akakiona alichokuja kukiona. Aliona mama anayejibu neno moja moja huku akimwangalia mumewe. Aliona mtoto ameketi kitandani, mikono mapajani, kama aliyewekwa kupigwa picha. Alimwuliza Eufemia taratibu kama huwa anazungumza na binti yake.

"Ndiyo," akasema Eufemia.

Humsimulia hadithi?

"Ndiyo."

Hadithi gani anayoipenda zaidi?

Eufemia akafungua kinywa. Hadithi ya chura aliyekwenda kuazima pilipili kwa Radi ilikuwa imemjaa kooni, na mtoto kitandani alikuwa amekwisha kutabasamu kwa kuitarajia. Lakini kwa Kihispania hakujua chura anaitwaje, wala radi. Akamtazama mumewe.

"Mke wangu si mtu wa maneno mengi, mwalimu," Crescencio akasema. "Ndivyo alivyo."

Uongo mkubwa kuliko huo haukupata kusemwa kambini. Huko kwao Eufemia ndiye aliyeitwa harusini kuwachekesha wakwe, na msibani kuwaliza waliokuwa wamechoka kulia. Alikaa pale, akasikia anaelezwa kuwa ni mtu bubu, na kwa kuwa alielewa nusu, alitikisa kichwa kukubali.

Mwalimu akaaga. Ndani ya gari akaandika kwenye daftari lake kwamba katika nyumba hii karibu hakuna mazungumzo, na kwamba sasa anaelewa ukimya wa mtoto umetoka wapi. Akalia kidogo. Hakuwa amefika barabara kuu, nyumba ile ikalipuka kwa vicheko. Zenaida alikuwa amesimama juu ya kitanda akimwigiza mwalimu anavyopuliza kahawa, mama yake akicheka huku amejishika mbavu, na Crescencio mwenyewe, aliyetaka kukasirika, ikabidi ageukie ukutani.

*

Kwenda kwenye kikao kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilikuwa ya Rutilio. Alhamisi Crescencio alimwomba pale kwenye mizani, kofia mkononi. Foleni ya wachumaji ilikuwa ndefu, kila mmoja na kreti zake begani. Wa mbele alikuwa mzee mmoja wa Oaxaca, Fidencio, ambaye kadi yake ilikuwa imelowa jasho ikachanika. Akawa anajaribu kueleza kwa Kihispania kwamba kreti zake za asubuhi zilikuwa kumi na moja, si nane, na maneno yakawa yanamtoka kichwa chini miguu juu.

"Huyu anaongea nini?" Rutilio akamwuliza Crescencio. "Wewe umemwelewa?"

Mzee Fidencio naye akamgeukia Crescencio. Akamwambia kwa Kimixteco, taratibu, kama mtu amwambiavyo mtoto wa ndugu yake: mwanangu, ulizitoboa wewe mwenyewe, mwambie.

Crescencio alikumbuka vizuri. Zilikuwa kumi na moja.

"Simwelewi, bwana," akasema. "Nani atakielewa hicho?"

Rutilio akacheka, na Crescencio akacheka naye. Ruhusa ya nusu siku akaipata. Eufemia, ambaye bado alichuma kama wengine, alikuwa wa nne kwenye foleni, na alisikia kila kitu. Wazee walisema mdharau kwao mtumwa, na Eufemia alilijua neno hilo kwa namna ya kwao, lakini hakulitamka. Alipofika mbele alimpa mumewe kadi bila kumtazama usoni, naye akaitoboa.

Jioni hiyo, wakati Crescencio yuko gereji kwa ajili ya breki za gari, mama na mtoto walikaa kuchambua maharage, na Eufemia akaisimulia hadithi ya chura tangu mwanzo hadi mwisho. Zenaida akairudia. Radi alimpa sauti nzito ya mtu aliyetoka usingizini. Chura akampa sauti ya jirani mwenye kuomba omba, yule wa nipe kidogo tu dada, kesho narudisha. Chura alipoibugia pilipili njiani kabla hajafika nyumbani, Zenaida alipanua macho na kutoa sauti ambayo vyura wanayo mpaka leo. Eufemia alilia machozi ya kicheko, kisha akagundua kwamba kicheko kimekwisha na machozi bado yapo.

"Kwa nini unalia?"

"Pilipili," Eufemia akasema.

Hakumwuliza kesho ataisema kwa lugha ipi, wala halikumpitia akilini. Hadithi ile ilikuwa na lugha moja.

*

Ijumaa wazazi waliketi nyuma mle darasani kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Bi Domitila alikuwa kando ya dirisha na mkasi wake, akikata nyota za njano. Watoto walikwenda mbele mmoja mmoja. Mmoja wa Kizungu alisimulia kwa Kihispania cha kubabaika kuhusu babu yake na dubu, akashangiliwa sana. Kevin alisimulia kuhusu trekta.

Mwalimu hakuwa na nia ya kumwita Zenaida. Hakutaka kumwaibisha. Lakini Zenaida aliinua mkono. Kwa miezi minane mkono ule haukuwahi kuinuliwa, na mwalimu akasimama ghafla hata kiti chake kikaanguka.

"Njoo, mpenzi. Njoo."

Zenaida akaenda mbele. Akasimama kati ya ukuta mwekundu na ukuta wa buluu, akashika gauni lake, akaanza. Alisema kwa Kimixteco, kwa sauti ya kusikika mpaka ukumbini, na alipofika kwa Radi akaunguruma. Watoto wakacheka pale pa kuchekea ingawa hawakuelewa neno. Nyuma, Eufemia alikuwa akiichezesha midomo yake pamoja naye. Kwa muda wa kama dakika mbili alikuwa mama mwenye furaha kuliko wote katika bonde lile.

Chura hakuwa amefika hata kwenye pilipili.

"Mwalimu," Bi Domitila akasema bila kuacha kukata nyota, "hicho ni kilugha cha wale wa Oaxaca. Huko shambani wanaongea hivyo hivyo, kama kuku."

Kevin akalia kama kuku. Wengine wakafuata. Zenaida akanyamaza, mkono wake mmoja bado uko juu, kwa sababu chura alikuwa anabisha hodi.

Mwalimu Arredondo akawatuliza watoto. Kisha akawageukia wazazi, na uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyesikia kitu kikianguka chumba cha pili. "Bwana Crescencio," akasema, "kuna lugha nyingine mnayosema nyumbani?"

Lilikuwa swali lenyewe. Lilikuwa limechelewa miezi minane, lakini lilikuwa limefika, na jibu lake lilikuwa neno moja. Mkasi wa Bi Domitila ulikuwa umesimama. Crescencio aliona mizani, akaona matuta, akaona mgongo wake umekunjwa tena mpaka mwezi wa kumi.

"Lugha nyingine hatuna, mwalimu," akasema. "Sisi ni watu wa Puebla. Hicho si kitu. Anacheza tu, amesikia huko kambini."

Zenaida alielewa. Kihispania cha baba yake kilikuwa chepesi, alikielewa chote. Akamtazama baba, akamtazama mama. Eufemia alihisi mkono wa mumewe ukimbana goti, na akainamisha macho. Laiti angesimama. Angesema hata kwa kilugha chenyewe, angeimalizia hadithi pale pale kwa sauti ya harusini, wote wangejua. Hakusimama. Mwalimu akampigia Zenaida makofi na kumrudisha kitini.

*

Kikao kilikuwa katika chumba kidogo cha muuguzi wa shule, chenye picha za meno ukutani. Mtaalamu, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya upole, alisema kwa Kiingereza na mwalimu akatafsiri. Fomu ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Eufemia hakuyafuata maneno. Alikuwa anaitazama kalamu, na kila aliposikia neno basi alishtuka.

Mwalimu Arredondo hakuridhika. Kabla karatasi haijasogezwa, alipiga magoti mbele ya kiti cha mtoto.

"Zenaida," akasema kwa Kihispania, "ile hadithi yako ilikuwa nzuri. Niambie mimi. Ulikuwa unasema nini?"

Mtoto akafungua kinywa, na kwa Kihispania kisicho na doa, kila herufi mahali pake kama alivyozoea kuinakili, akasema:

"Si kitu, mwalimu. Nilikuwa nacheza tu. Nimesikia huko kambini."

Mwalimu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akamkumbatia Zenaida, akacheka, machozi yakamtoka mbele za watu bila kungoja gari. "Amesema," akamwambia mtaalamu. "Umesikia? Sentensi tatu." Mtaalamu akaomba atafsiriwe, akatafsiriwa, akatabasamu. Akaiondoa fomu mezani na kuirudisha ndani ya jalada. Hapana haja, akasema. Mtoto abaki hapa hapa, wataangalia tena mwezi wa tisa. Akawashauri wazazi waendelee hivyo hivyo, wazidi kusema naye Kihispania nyumbani, maana inaonekana inasaidia.

Crescencio alimshika mkono mtaalamu, akamshika mwalimu, akashukuru mpaka ikatosha na kupita. Eufemia aliambiwa kwamba lile basi halitakuja kwao. Hilo ndilo alilokuwa ameliomba kwa Bikira juma zima. Akashukuru naye, neno moja, kwa Kihispania.

Nje jua lilikuwa kali juu ya magari. Crescencio alitangulia, anapiga mluzi mdogo, akitafuta funguo mifukoni. Eufemia akamfungulia mtoto mlango wa nyuma, akainama kumfunga mkanda, na alipokuwa karibu na sikio lake akamwambia kwa Kimixteco, kwa sauti ya chini, kwamba hadithi haijaisha, chura bado yuko mlangoni kwa Radi, waimalizie wao wawili njiani.

Zenaida hakugeuza kichwa. Alikuwa anatazama watoto wenzake wakicheza uani.

"Mama," akasema kwa Kihispania, "sema kama watu."

Eufemia akabaki ameinama. Kihispania alichokuwa nacho kilikuwa cha kuhesabia kreti na kuulizia bei, kilikuwa cha ndiyo bwana na samahani bwana. Alikipekua chote, pale pale juani, akitafuta neno la kumwambia mwanawe, na hakulipata. Akaubana mkanda, akaufunga mlango, akaenda kuketi mbele.